Mtani wa Mama Ngonyani

Mkwe wangu na wanawake wenzake wa kikundi huchemsha sabuni uani kwetu, hapa Tegeta, kila Jumamosi. Wanaanza na mawese, halafu kostiki, na jua likishapanda nyumba nzima inanuka ule mnuko mzito wa mafuta yanayogeuka kuwa kitu kingine. Wiki iliyopita nilishindwa. Nilitoka na fimbo yangu nikamwomba wahamie kwa mwenzao mwenye kiwanja kikubwa. Akaniuliza kwa adabu, "Baba, tumekukosea nini?" Nikasema ni kifua. Haikuwa kifua. Harufu ile niliishi ndani yake utotoni, Chang'ombe, nyuma ya ukuta wa kiwanda cha sabuni, na wakati huo nilikuwa na ndugu. Walio wa rika langu wataelewa kwa nini mzee hawezi kumweleza mkwewe jambo kama hilo mbele ya wanawake walioshika ndoo. Naliandika hapa badala yake.

Mama yetu alikuwa mtu wa Kilwa, mtaratibu sana. Nyumbani kwetu tusi halikuingia. Akikasirika alinyamaza, na tulijua kosa letu kwa urefu wa ukimya wake. Baba alikwenda Tanga kutafuta kazi ya mkonge, na Tanga ikammeza. Mama alipofariki, majirani walimzika vizuri, wakatulisha, kisha wakaanza kutazamana. Hakuna ndugu aliyetokea. Nilikuwa nimeanza shule. Mdogo wangu Tatu alikuwa bado anavaa gauni kinyumenyume na kukataa kurekebishwa. Ndipo akaja bwana wa ustawi wa jamii, akatushika mikono, akatupeleka kwa Mama Ngonyani.

Mama Ngonyani hakuwa ndugu yetu kwa namna yoyote. Alikuwa Mngoni wa Songea, Mkristo, mke wa mfanyakazi wa kile kiwanda cha sabuni, na watoto wake walikuwa wakubwa wamekwisha kuondoka. Alikubali kutuweka mpaka hakimu wa watoto aamue tuwe wapi. Alitusugua kwa vipande vya sabuni ambavyo mumewe alikuja navyo, vya kijani, vyenye pembe kali zinazokwaruza mgongo, na baada ya kutuogesha alitunusa kichwani kama mtu anayenunua tikitimaji. Sisi tulikuwa Waislamu, kwa hiyo alinitafutia kofia na kunipeleka madrasa mwenyewe kila alasiri, akangoja nje chini ya jua, msalaba wake ukining'inia shingoni, mpaka mwalimu akazoea kumletea kigoda. Tatu alianza kunenepa. Usiku alilala amenishika sikio.

Siku moja bwana wa ustawi alikuja akazungumza na Mama Ngonyani nami nikiwa pale pale nachambua maharage. Alisema kuna mke na mume wa Ubungo, wenye duka, Waislamu, hawajajaliwa mtoto, nao wamemwona Tatu na wamempenda. Mama Ngonyani akauliza, "Na huyu?" Bwana wa ustawi alishusha sauti, lakini si sana. Alisema mie wasingenichukua, kwa kuwa mtoto mkubwa keshajua kwao. Mama Ngonyani akasema yeye anatutaka wote wawili. Bwana akajibu kwamba hakimu ndiye atakayesema, na kabla ya kusema atamtuma mtu aje kutuangalia.

Tangu siku hiyo sikuwa na jambo lingine kichwani. Nikienda msalani nilimwacha Tatu mlangoni aimbe, ili nijue bado yupo.

Mtu aliyetumwa alikuwa Mama Kihwele. Siku hizi kazi yake nadhani ina jina na semina. Wakati ule alikuwa mkunga aliyestaafu, mwanamke wa Temeke mwenye heshima zake, aliyekubali kuwatembelea watoto waliokaa kwa watu na kwenda kuwasemea mahakamani. Hakulipwa. Alikuja kwa miguu, na mwavuli mweusi, na viatu vya hospitali vilivyopakwa chokaa nyeupe. Mama Ngonyani alikuwa ametandika kitambaa mezani na kunionya nisijikune. Wakasalimiana kwa upole mkubwa. Habari za nyumbani, habari za kazi, poleni na jua. Nikawaza kwamba huyu ni mtu kama mama yangu.

Kisha akajitambulisha. "Mie ni Mama Kihwele."

"Kihwele wa wapi?"

"Iringa. Kalenga hasa."

Mama Ngonyani aliweka chini birika. Nilimwona uso unabadilika. Akageuka akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kimbia kwa jirani ukamwambie amfungie mbwa wake ndani. Mla mbwa kaingia."

Nilibaki nimesimama. Mama Kihwele alikuwa amekwisha kuvua viatu na kujinyoosha kwenye kiti kama chake. "Nyamaza wewe, mateka. Babu yangu alimwacha babu yako hai kwa kumhurumia tu, alikuta anachimbua panya. Na hawa watoto umeshawalisha panya wangapi?"

"Wawili wawili kila siku. Mbona wamenona?"

"Naona." Akamvuta Tatu, akambinya mashavu. "Hiki kidogo nakichukua. Nakipeleka Iringa nikakiuze."

"Chukua, unipe nusu."

"Mateka hapewi nusu. Na hiki kirefu je?"

"Hicho mifupa mitupu. Nani atanunua? Tutakitupa."

Wakacheka mpaka Mama Ngonyani akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Wakala ugali na maharage katika sahani moja, wakiendelea kutukanana na kusogezeana mboga.

Msomaji wangu umekwisha kuelewa, na huenda umetabasamu. Hata mie, nikiyasikia leo msibani au harusini, najua ni nini. Mngoni na Mhehe. Walipigana zamani, wakazikana, wakawa watani, na mtani ana haki ya kukutukana mpaka kaburini kwa sababu ndiye atakayekuzika. Wale wanawake hawakuwahi kuonana kabla ya mchana ule. Walitambuana kwa majina tu, na furaha ya kutambuana mbali na kwao ndiyo iliyowafanya wacheke vile. Lakini mie nilikuwa mtoto wa mwanamke wa Kilwa aliyenyamaza alipokasirika. Nilichokiona ni hiki: mama mwenye huruma amesikia jina la mtu, akamtukana papo hapo. Kwa hiyo ni adui yake wa zamani. Halafu adui huyo amekaa, wakapatana kuhusu Tatu, wakala pamoja. Watoto wa madrasa walikuwa wakisimuliana habari za mumiani wanaokamata watoto, na sikuzote katika hadithi zao kulikuwa na mtu wa ndani ya nyumba aliyefungua mlango.

Baada ya kula, Mama Kihwele alinichukua nje, tukakaa kwenye magogo kando ya ukuta wa kiwanda. Alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakunibinya popote. Alisema hakimu hana miguu ya kufika kila nyumba, ndiyo maana amemwazima yake. Akasema kazi yake si kuniamulia, ni kunisemea, na hawezi kunisemea nisipomwambia. Akaniuliza nataka nini.

Nilitazama viatu vyake vyeupe. Nikasema nataka kukaa na Tatu.

"Basi hilo ndilo nitakalosema," akanijibu. "Na hakimu akikuuliza wewe, sema kweli. Hata kama kweli hiyo inanihusu mie. Usimwogope mtu mzima yeyote mle ndani."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikaribia kumwamini. Tuliporudi mlangoni akampigia kelele Mama Ngonyani amfungie vizuri mtumwa wake mdogo asije akapungua uzito kabla ya safari, na Mama Ngonyani akajibu kutoka jikoni kwamba amekwisha kumtia chumvi.

Alikuja tena na tena. Kila alipokuja ilikuwa hivyo: matusi mlangoni, bei ya Tatu, kicheko, chakula, halafu magogo na ile sauti ya upole. Nikaanza kuona kwamba sauti ya upole ndiyo ya uongo. Niliwahi kujaribu kuuliza. Baba Ngonyani alikuwa mtu mkimya, mikono yake imebabuka kwa kostiki, na jioni moja akiwa anavua viatu nilimsogelea nikamwuliza kama ni kweli Mama Kihwele atatuuza. Alicheka mpaka akakohoa. "Mhehe akuuze?" akasema. "Labda akupike." Akanipapasa kichwa, akaingia ndani. Hakudhani hata kidogo kwamba nauliza. Kwake ilikuwa kama mtoto ameuliza kama jua litaanguka.

Nimemfikiria sana mzee yule. Angekaa chini kidogo tu, akaniambia neno moja, mie na Tatu tungekuwa tumezeeka mtaa mmoja. Lakini siwezi kumlaumu, kwa kuwa nami niliacha hapo. Sikumwuliza Mama Ngonyani, ambaye angenieleza. Nilimwogopa mtu pekee ambaye hakuwa wa kuogopwa.

Siku ya mahakama Mama Ngonyani alitupaka mafuta mpaka tukang'aa. Tatu alivishwa gauni la njano, nalo kwa mara ya kwanza akakubali livaliwe sawasawa. Chumba kilikuwa kidogo, na meza ndefu, feni lililokuwa likilalamika, na benchi mbili. Mke na mume wa Ubungo walikuwa wamekwisha kufika. Mwanamke alikuwa na mtandio wa maua na uso wa mtu aliyelia usiku kucha, akimtazama Tatu kana kwamba ni yeye peke yake chumbani. Hawakuwa watu wabaya. Naona vigumu kuandika hivyo, lakini hawakuwa watu wabaya.

Hakimu alimwita Mama Kihwele kwanza. Alisimama na mwavuli wake, akaeleza nyumba ilivyo, tunavyokula, jinsi mama asiye Mwislamu anavyonipeleka madrasa na kunisubiri juani. Akasema, "Na huyu mkubwa ameniambia jambo moja tu, mheshimiwa. Anataka kukaa na mdogo wake. Naomba wasitenganishwe." Nilisikia kila neno. Nikawaza, hivi ndivyo mwongo anavyosema mbele ya mkubwa. Kisha akaomba nisikilizwe mwenyewe, akanigeukia, akatikisa kichwa kidogo kunitia moyo.

Hakimu aliniuliza kama nina la kusema. Nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu usiku kucha, na niliyasema bila kukosea.

"Shikamoo mzee. Wanataka kumuuza Tatu."

"Marahaba. Nani?"

Nikanyoosha kidole. "Huyu mama na huyu mama. Huyu kasema atampeleka Iringa akamuuze. Na huyu kasema apewe nusu. Na mie watanitupa, kwa sababu ni mifupa mitupu."

Karani akapasuka kwa kicheko. Alijaribu kujizuia akashindwa, na baada yake bwana wa ustawi, na mume wa Ubungo, na askari aliyesimama mlangoni. Hata hakimu aliinama akajifanya anatafuta kalamu. Nimezomewa mara nyingi maishani, lakini kicheko kile hakikuwa cha kunizomea. Kilikuwa cha watu wanaojua jambo moja, wote, na katikati yao nimesimama mie, na nikaanza kuelewa kwamba nimefanya kitu ambacho sikijui. Waliokuwa hawacheki ni wawili. Mama Ngonyani alikuwa ameshika mdomo. Mama Kihwele alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mtoto akivuka barabara na gari linakuja.

Hakimu alipoinua kichwa hakuwa anacheka tena. Akamwuliza Mama Kihwele kabila lake, kisha akauliza la Mama Ngonyani, ingawa nadhani alikuwa amekwisha kujua. Akauliza, "Maneno haya uliyasema?"

Angeweza kukataa. Nani angeamini mtoto? Miaka mingi baadaye nilimwuliza kwa nini hakukataa, akanijibu kwamba ndiye aliyeniambia niseme kweli, angewezaje kunikana palepale.

"Niliyasema, mheshimiwa. Ni utani. Mtoto hakujua, na kosa ni langu sikumweleza."

"Utani naujua," hakimu akasema. "Mie Mzaramo, nina Wanyamwezi wangu. Mama huyu akifa, nani atasimamia matanga yake?"

Mama Kihwele aliushika mwavuli wake kwa mikono miwili. "Sie. Watani."

"Basi ni ndugu yako. Nilikutuma uwe macho yangu katika nyumba ya mtu baki, nawe umekwenda kukaa kwa ndugu."

Akasema kwa sauti ya kusihi kwamba hawakuwahi kuonana kabla ya siku aliyotumwa. Hakimu akatikisa kichwa. Hakuwa mkali, alikuwa na huzuni, na hilo ndilo lililotumaliza. "Utani hauanzi siku mnapokutana, mama. Unajua hivyo kuliko mie. Maneno yako siwezi kuyatumia."

Yalipowekwa kando maneno yake, hapakubaki sauti nyingine ya kututetea isipokuwa yangu, na yangu nilikuwa nimekwisha kuitumia. Bwana wa ustawi alieleza kwamba wale wa Ubungo wako tayari, ni wa dini yetu, wana nafasi. Hakimu akampa Tatu kwao. Kuhusu mie akasema mtoto mwenye hofu kubwa namna hii asirudishwe katika nyumba anayoiogopa, aende makao ya watoto. Ndipo nikapiga kelele kwamba siogopi, kwamba namtaka Mama Ngonyani, kwamba nimekosea, nilidhani, sikujua. Karani aliniambia ninyamaze. Hakimu akasema kwa upole kwamba mtoto amesema mawili, na yeye hana budi kushika lile alilolisema kabla hajaogopeshwa na kicheko.

Nje, mwanamke wa Ubungo alipiga magoti mchangani akamkumbatia Tatu, akampa biskuti. Tatu aliichukua kwa mkono mmoja. Wa pili alikuwa ameshika shati langu kwa nyuma, kama alivyozoea akiwa mbele ya watu. Bwana wa ustawi akaniambia, "Mwachie, kijana." Si mie niliyekuwa nimemshika. Lakini nilielewa alichotaka, na nilikuwa mtoto mtiifu. Nikageuza mkono nyuma nikafungua vidole vyake, kimoja baada ya kingine. Alidhani ni mchezo wetu. Akacheka, akavirudisha. Nikavifungua tena.

Walipokwisha kuondoka, Mama Ngonyani alimgeukia Mama Kihwele. Alijaribu. Nakumbuka alivyojaribu. "Mla mbwa wewe," akasema, "leo umenilia wanangu." Akangoja. Mtani akitukanwa hujibu, hata akiwa kitandani anakufa hujibu. Mama Kihwele alitazama viatu vyake na hakujibu kitu. Mama Ngonyani alijifunga kanga upya na kuondoka peke yake, na kwa nijuavyo wale wawili hawakuketi tena meza moja.

Mama Kihwele alikuja makao kunitazama kila mwezi mpaka nikawa na ndevu. Ndiye aliyenieleza utani ni nini, siku ya kwanza kabisa, tumekaa kwenye ngazi, na akaniomba radhi kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima mwenzake. Sikumjibu. Nilipata mtu wa kumtwika lawama yangu, nikamtwika. Alipozeeka aliniomba tena, nami nilimwamkia, nikamletea maji, nikamwacha aendelee kuamini kwamba aliyetutenganisha ni yeye. Hilo ni langu, si la utoto. Na ndiye aliyemtafuta Tatu, kwa nauli yake, akajua kwamba wale wa Ubungo walihamia Tabora, kwamba msichana ana jina lingine na anasoma vizuri. Akanipa mtaa na jina la duka. Nikasema nitakwenda nikipata likizo. Nikapata likizo nikaoa. Nikasema mtoto akitembea. Watoto wangu wote wakatembea. Ukweli ni kwamba niliogopa Tatu angeniuliza kwa nini nilimwachia, nami nilikuwa sina la kujibu zaidi ya kwamba niliambiwa.

Nilikwenda nikiwa nimestaafu, Mama Kihwele amekwisha kufa. Duka lilikuwapo bado. Tatu alikuwa sasa mwanamke mnene, mwenye sauti ya mama yetu, na nilipoisikia ile sauti ikiuliza nahitaji nini, niliweka fimbo yangu juu ya meza. Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza bila kunikatiza, akanimiminia chai, akaongeza sukari mwenyewe bila kuuliza. Alisema wazazi wake walimwambia hana mtu. Alisema anasikitika, lakini hakumbuki sabuni, wala Chang'ombe, wala mie. Alisema kwa upole, kama mtu anayemfariji aliyefiwa na mtu asiyemjua.

Nilikuwa nasubiri aseme kitu kingine. Tukasikia vicheko uani. Wajukuu zake walikuwa wanatoka shule, wakaingia na mabegi yao, wakasimama mlangoni kunitazama. Tatu akawageukia.

"Wanangu," akasema, "msalimieni mgeni."